Vidonge Vilivyokataa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa dawa. Nilikabidhiwa brashi ya chupa, karai la maji ya magadi na chupa za kahawia zilizopangwa ukutani mpaka usawa wa kifua, nikaambiwa nizioshe, nizisuuze mara tatu, kisha nizipindue juu ya mbao zikauke. Kiwanda kilikuwa Changamwe, upande wa reli, bati juu na saruji chini, na ukifika mlangoni ulipokewa na harufu ya spiriti iliyochanganyika na utamu wa sharubati. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, nimeolewa nikaachwa, sina mtoto. Nilikuwa nimevuka feri ya alfajiri kutoka kwa mamangu Timbwani, Likoni, na buibui langu nimelikunja kikapuni kwa kuwa niliambiwa humo ndani hakuvaliwi nguo ya kuburura.

Aliyenipeleka ni kakangu Bakari. Alikuwa na mwaka wa pili pale, fundi wa mashine ya vidonge, na alikuwa amemwendea meneja mara mbili kuniombea kazi. Watu wa kwetu Likoni walikuwa wakulima wa minazi, mikorosho na muhogo. Mwanamke kwenda kufanya kazi ya kiwanda, tena avuke maji na kuupita mji mzima, lilikuwa jambo la kusemwa. Bakari alimwambia mama, mbele ya wajomba, kwamba mimi nitakuwa mbele ya macho yake. Wakaridhia. Baba alikuwa amekwisha kufa, na neno la Bakari ndilo lililokuwa neno la nyumba.

Nataka kuieleza kazi ile, maana vijana wanaokuja kunitazama huku Mishomoroni hudhani kidonge huzaliwa ndani ya pakiti. Wakati ule dawa karibu zote za nchi hii zilikuja kwa meli. Hata zetu hatukuzianza mwanzo: unga wenyewe wa dawa ulitoka Ulaya ndani ya mapipa, ukateremshwa Kilindini, ukaletwa Changamwe kwa lori. Kazi yetu ilikuwa kuugeuza uwe kitu ambacho mgonjwa aweza kukimeza na kikamfaa. Unga mtupu haushikani. Ulikandwa kwa uji mzito wa wanga, ukapitishwa katika chekeche mpaka ukawa kama chenga za mchele, ukakaushwa katika tanuri ya moto mdogo, halafu ukatiwa wanga mwingine mkavu kabla ya kwenda kwa Bakari. Mashine yake ilikuwa na kijinu cha chuma na michi miwili, mmoja chini, mmoja juu. Chenga zikaingia, mchi wa juu ukashuka, kidonge kikatoka. Ule wanga mkavu wa mwisho ndio uliokuwa roho ya kidonge. Ukikutana na maji tumboni huvimba, na ukivimba hukivunja kidonge kutoka ndani, dawa ikatawanyika. Bila huo mgonjwa humeza jiwe.

Nilikaa na chupa miezi minane. Aliyenitoa huko ni mkemia wa kiwanda, Mhindi wa makamo, aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache aliyekuja kwa baiskeli na kuondoka kwa baiskeli. Yeye ndiye aliyekuwa na amri ya kusema dawa hii itoke au isitoke. Siku moja alinikuta nimetenga kreti nzima pembeni, akauliza kwa nini. Nilimweleza kwamba midomo ya chupa zile haikuwa sawa. Kizibo kingekaa, lakini hewa ingepita. Akachukua chupa moja, akaitia maji, akaifunga, akaipindua. Tuliitazama pamoja mpaka tone likajitokeza. Akataka kujua nani alinifundisha. Nikamwambia mamangu hukamua mafuta ya nazi, na mafuta ya chupa mbaya hunywewa na sakafu.

Juma lililofuata nikahamishiwa chumba cha upimaji.

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja la kutazama uani. Mezani palikuwa na mizani ya shaba ndani ya sanduku la kioo, maana hata pumzi ya mtu iliweza kuiyumbisha. Kila fungu la vidonge, yaani vyote vilivyotoka katika mchanganyiko mmoja, lilikuwa na nambari yake, na kabla halijatiwa chupani lilipita kwangu. Nilipima vidonge ishirini kimoja kimoja nione kama vyalingana uzito. Kisha nilitia vingine katika kikapu cha waya kilichopanda na kushuka ndani ya bilauri ya maji yaliyopashwa joto la mwili wa mtu, nikatazama saa. Vikivunjika kabla ya robo saa kwisha, vimefaulu. Vikibaki vizima, fungu lote limekataliwa, hata kama ni kazi ya siku tatu ya watu kumi. Nilitia sahihi yangu, mkemia akatia yake juu yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba dawa si jambo la hospitali peke yake. Alinieleza polepole, akifuta miwani, kwamba kuli mwenye homa hapakui meli, mkulima mwenye homa hapandi kwa wakati, na kwa hivyo homa hukaa bandarini na shambani kabla ya kufika kitandani. Nchi inayongoja kila kidonge kutoka ng'ambo, alisema, imeiweka afya yake mikononi mwa nahodha. Maneno yake ninayoyakumbuka hasa ni haya: "Meli huchelewa, binti. Homa haichelewi."

Alinionya pia nisile na watu wa mashine. Hakusema kwa dharau. Alisema leo nitakula nao sahani moja, na kesho itanibidi niwakatalie kazi yao, na mkono utakuwa mzito. Basi nikawa nakula chumbani, nimesimama dirishani, muhogo wa nazi au mkate nilioutoa nyumbani, nikiwasikia wenzangu uani wakichekeshana. Wakanipa jina, Bi Mizani. Mwanzoni lilikuwa la mapenzi. Mchana sikuwa na wa kusema naye ila mkemia, naye alikuwa mtu wa kimya. Lakini Bakari akipita hugonga kioo kwa ukucha, nami nikajua nimejuliwa hali. Jioni tulirudi pamoja, basi kisha feri, na njia nzima hakuniuliza habari za kazi. Aliniuliza kama nimekula.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka na ushei, mpaka kiwanda kikapata agizo la kwanza kubwa la serikali: vidonge vya klorokwini, dawa ya malaria, vya kupelekwa hospitali na zahanati za pwani kabla mvua za masika hazijakolea. Meneja alitukusanya uani. Alikuwa Mwingereza mrefu, aliyesema Kiswahili cha kuamrisha. Alitueleza kwamba siku zote serikali imengoja meli, na agizo hili likienda vizuri haitangoja tena. Italetwa mashine ya pili, na kazi itakuwapo kwa watoto wetu. Naamini alisema kweli. Wengine walipiga makofi.

Juma lile lile mkemia akaugua homa ya matumbo, akalala nyumbani kwake mjini. Nililetewa karatasi yenye sahihi yake kwamba mpaka apone, neno langu litoshe.

Siku ya pili ya kazi ya agizo lile, vidonge vilianza kumeguka kingo. Meneja alikuja na vipande kiganjani, akamwambia Bakari mbele ya wote kwamba serikali haipokei vitu vilivyovunjika. Bakari alikaza skurubu ya mkazo, ile inayoamua mchi ushuke kwa nguvu gani, na vidonge vikaanza kutoka vizima, vyeupe, laini kama vimepigwa msasa. Sijapata kuona vidonge vizuri kama vile.

Nikavitia majini. Robo saa ikapita. Nikangoja nusu saa, nikangoja saa nzima. Maji yalikuwa safi na vidonge vimekaa kikapuni kama changarawe. Nikabadilisha maji, nikapima joto upya, nikachukua vidonge vya trei nyingine. Ikawa vile vile. Nikaenda mara ya tatu kuchukua vya trei ya chini kabisa, na Bakari akaniona. Alijua kwamba mtu hapimi mara tatu kitu kilichofaulu.

Alikuja mpaka mlangoni pa chumba changu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Tazama tena, Mejumaa," akasema.

"Nimetazama mara tatu, kaka."

"Hii ni bilauri. Tumbo la mtu lina moto wake."

"Maji haya nimeyapasha sawa na tumbo."

Aliviangalia vidonge vikipanda na kushuka. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na kukosa hasira kwake ndiko kulikoniumiza: "Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Najua."

Akaondoka. Nami nikachukua kalamu, nikaandika nambari ya fungu, nikaandika kwamba limekataliwa, na mahali pa sababu nikaandika nilichokiona: vimekandamizwa mno. Sikuandika jina la mtu. Lakini mashine ilikuwa moja na fundi alikuwa mmoja.

Lori la kuvichukua vidonge lilikuwa limekwisha fika. Meneja akaja na karatasi yangu mkononi. Alisema vidonge ni vizuri, yeye mwenyewe ameviona. Nikamwonyesha bilauri. Akasema dawa imo ndani, haijaenda popote. Nikamjibu kwamba ndiyo, imo ndani, na ndiko itakakobaki mpaka itoke kwa mgonjwa kama ilivyoingia.

"Nani alikufundisha kukataa?" akauliza.

"Bwana Mkemia, bwana. Na aulizwe huko aliko."

Aliitazama ile bilauri. Halafu akafunga vidonge sita katika leso yake, akapanda gari, akaenda mjini. Dereva wa lori alitandika gunia kivulini akalala. Meneja alirudi baada ya adhuhuri, hakunitazama, akaliambia lori liende zake tupu. Vidonge vyote vilisagwa tena kuwa unga, ukawekwa kumngoja mkemia apone. Serikali iliandikiwa barua kuelezwa sababu ya kuchelewa, na barua ile ilihitaji jina la mtu. Kesho yake asubuhi Bakari akafukuzwa. Nilimwona kwa dirisha akivua koti la kazi, akalikunja vizuri kama aliyetumwa kulirudisha kwa mwenyewe, akalitundika penye msumari wake.

Jioni ile nilivuka feri peke yangu. Nyumbani nilimkuta ameketi uani na mama kasimama nyuma yake. Nilianza kusema. Aliinua mkono.

"Kazi yako umeifanya," akasema. "Sasa niache."

Nilimwacha, kwa kuwa sikujua la kufanya. Majirani walisikia, na kama wasemavyo watu, ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Kila mtu alishika jembe lake. Baada ya mwezi nilipanga chumba Changamwe, nikamwambia mama ni kwa ajili ya umbali.

Sasa nataka kusema lile ambalo katika miaka yangu yote ya kazi sikulisema kwa vijana niliowafundisha. Wao niliwasimulia habari ya fungu nililolikataa, wakanisifu. Habari yenyewe haikuishia hapo.

Mkemia alirudi baada ya majuma matatu, amekonda, koti linamwelea. La kwanza alilofanya ni kwenda ghalani kufungua pipa la wanga. Alitia mkono, akautoa, akaufungua mbele yangu. Wanga ulikuwa umeshikana mabonge. Akanyanyua macho kwenye paa, nami nikanyanyua yangu: palikuwa na alama ya maji iliyoteremka kutoka kwenye bati mpaka juu ya lile pipa. Alikuwa amemwandikia meneja mara mbili kwamba paa la ghala lavuja.

Alinieleza yote pale pale. Wanga uliokwisha kunywa maji ghalani hauna kiu tena ya kunywa tumboni. Hauvimbi, na kidonge hakivunjiki. Chenga zake pia hazishikani sawasawa, ndiyo maana kingo zilimeguka. Bakari aliona kingo zinameguka, akasutwa mbele ya watu, akakaza. Fundi yeyote angekaza. Kosa lilianzia kwenye paa.

Mkemia alimwendea meneja siku ile ile. Aliporudi aliniambia kwamba paa litazibwa, lakini barua imekwisha kwenda na mahali pa Bakari pana mtu mwingine. Akaketi, akavua miwani.

"Mimi nimesema kama mkemia," akasema. "Wewe nenda kaseme kama ndugu. Pengine atasikia."

Nilimwambia nitakwenda. Sikwenda. Kesho yake meneja alinipitia akaniambia kwamba nimethibitishwa kazini, mwanamke wa kwanza katika kiwanda kile kupewa chumba chake, na kwamba amefurahi kuwa na mtu asiyeyumba. Nilisema ahsante. Lile neno nililokuwa nimelibeba la Bakari nikalimeza. Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo, akiwa ametulia. Wiki ikaja, na nyingine. Kuhusu vidonge sikumwogopa yule bwana, kwa sababu nilikuwa na saa na bilauri. Kuhusu ndugu yangu sikuwa na kitu mkononi ila kinywa changu, nikaogopa. Hilo ndilo lililotokea, na sijapata neno zuri zaidi la kuliita.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya upweke. Wenzangu kiwandani walijua kwamba nimemkatalia ndugu yangu, na waliona mtu aliyeweza hilo hana la kushindwa. Nikiingia ghalani mazungumzo hukatika. Jina la Bi Mizani likawa la kunong'onwa. Chumbani nilikopanga, majirani zangu walikuwa watu wa bara, wafanyakazi wa bandari na reli, watu wema, lakini jioni waliketi na watu wa kwao wakisema lugha za kwao. Mimi nilipika chakula cha mtu mmoja na kukila kikiwa bado moto mno, kwa kuwa hapakuwa na wa kumngoja.

Jumapili nilivuka kwenda kumwona mama. Bakari alikuwa amerudi kulima shamba la baba. Akisikia sauti yangu ya hodi, hutokea mlango wa uani. Sikupata kumwona uso. Niliona jembe halipo pembeni, nikajua amekuwapo. Mkewe alinikaribisha kwa adabu. Watoto walinishika mkono wakasema shikamoo shangazi, kisha wakaitwa nje.

Uhuru ulipokuja, kiwanda kilifungwa siku hiyo kwa ajili ya sherehe. Changamwe ilikuwa tupu. Kila mtu alikwenda na wa kwao. Nilivuka Likoni katika feri iliyojaa watu waliovaa nguo mpya, wanaimba, na mtu nisiyemjua akanipa kibendera cha karatasi. Nyumbani nilimkuta mama peke yake kitandani. Bakari na jamaa zake walikuwa wamekwenda mjini kutazama. Mama alikuwa amedhoofika mwaka ule. Nilimpikia uji, nikamnywesha.

Alipomaliza, aliniuliza nitaondoka saa ngapi. Nikasema kabla hawajarudi.

"Nakula na nyinyi mmoja mmoja," akasema, "kama niliyewazaa kwa waume wawili. Nikifa mtakutana matangani, Mejumaa. Afadhali mkutane kabla."

Sikuondoka kabla hawajarudi. Nililala pale, na asubuhi nikamfuata Bakari shambani. Alikuwa akipiga matuta ya muhogo. Aliniona, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mlango wa kutokea.

"Kaka, shikamoo," nikasema. Hakuitikia. Nikaendelea hivyo hivyo. "Wanga ulikuwa umelowa. Paa la ghala lilivuja. Mkemia alilijua hilo aliporudi, akanituma niende kwa meneja nikusemee, sikwenda. Kosa halikuwa lako, na mimi nilijua tangu mwezi ule ule."

Aliendelea kuvuta udongo mpaka akalimaliza tuta. Jasho lilikuwa likimtiririka. Alikuwa ameanza mvi, nami sikuwa nimeziona. Akaliegemea jembe.

"Vile vidonge mlivisaga upya?" akauliza.

"Tulivisaga."

"Mkatia wanga mwingine?"

"Mkemia alipoligundua, ule unga wake tuliutia mwingine."

"Vikavunjika?"

"Vikavunjika. Hata robo saa haikufika."

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeletewa habari ya kazi aliyoiacha nusu. "Marahaba," akasema baada ya kitambo, na sikuelewa mara moja kwamba alikuwa akiitikia salamu yangu. Akang'oa shina moja la muhogo, akakung'uta udongo, akaniwekea miguuni. "Mpelekee mama."

Tangu siku ile tulisalimiana. Nilipokuja hakutoka tena kwa mlango wa uani. Mama alikufa mwaka uliofuata, na mauti yake yakatukuta tumo chumba kimoja. Lakini hatukurudi kuwa tulivyokuwa. Hakuniuliza tena habari zangu, wala mimi sikujua jinsi ya kumwuliza zake. Watu hudhani ukiomba radhi mlango hufunguka wote. Wangu ulifunguka kiasi cha kupita mtu mmoja kwa ubavu, nikashukuru.

Kazini mambo yalibadilika. Meneja Mwingereza alikwenda zake, akaja Mkenya, kijana wa bara aliyesoma ng'ambo, asiyeridhika na jibu la "ndivyo tulivyozoea". Mkemia alihamia kwa mwanawe, akaniachia funguo za chumba na miwani yake ya pili, aliyoisahau tu, na nilipomwandikia akajibu nikae nayo. Meneja yule mpya aliuliza kwa nini twaleta wanga kwa meli ilhali pwani yote ni muhogo. Tulijaribu. Mara tatu nililikataa fungu la majaribio, mara ya nne likafaulu. Baadaye niliona magunia ya wakulima wa Likoni yakiteremshwa mlangoni petu, na wanga wa muhogo uliolimwa na watu wetu ukaingia ndani ya vidonge vya wagonjwa wetu. Siku ile nilitamani sana kumwambia mtu. Nilifunga chumba nikaenda zangu nyumbani.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa upimaji, nimefundisha vijana wengi, wanawake kwa wanaume. Wengine sasa wako katika viwanda vikubwa kuliko chetu. Wakija kunitazama huniuliza siri ya kazi, nami huwaambia mambo mawili. La kwanza, nchi inayotengeneza dawa zake lazima iwe na watu wa kusema hapana ndani ya kiwanda, la sivyo itakuwa imehamisha tu hatari kutoka melini kuileta nyumbani. Hilo hulipenda, huliandika. La pili husikiliza wakitazama saa: kwamba ukikataa fungu, usiweke kalamu chini. Uliza kosa limeanzia wapi, na ukishalijua, msemee aliyebebeshwa, siku hiyo hiyo. Kidonge kibovu chaweza kusagwa kikafanywa upya.

Bakari alifariki miaka michache baada ya mimi kustaafu. Nilikuwa matangani, chumba cha wanawake, wanaume wamekwisha rudi kutoka kuzika. Bintiye mkubwa, Riziki, ambaye ni mwalimu wa shule, alikuja akapiga magoti mbele yangu.

"Shangazi," akasema, "kuna mzee hapo nje asema baba zamani alikuwa mtengenezaji dawa. Sisi twamjua mkulima tu. Ni kweli?"

Hakuwa amewaambia watoto wake. Miaka yote ile, hata neno moja. Nikamwambia ni kweli, na kwamba pwani nzima watu walimeza vidonge vilivyotoka mkononi mwake.

"Mbona aliacha?"

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wakisikiliza. Wengine ni wazee wa Timbwani, waliokumbuka ugomvi wetu bila kuujua.

"Hakuacha," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Alifukuzwa. Alibebeshwa kosa lisilo lake, na mimi niliyejua kweli sikumsemea."

Riziki alibaki amepiga magoti, ananitazama, na nilidhani atainuka aende. Akaniuliza kama ile mashine bado ipo. Nikamwambia ipo, imewekwa nyuma ya ghala, ni kuukuu, haifanyi kazi tena. Akasema hata hivyo ataka kuiona.

Tulikwenda matanga yalipoondolewa. Bawabu alinikumbuka akatufungulia. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai. Tuliivuta pamoja, vumbi likatuingia machoni. Riziki aliizunguka pole pole, akauweka mkono juu ya chuma.

"Alikuwa akisimama upande gani?" akauliza.

Nikamwonyesha.